Theodor Herzl na reli inayopita Kasikeu

Mwezi uliopita tulikuwa tukirudi Mombasa kutoka harusini Nairobi, watu saba ndani ya Noah moja, na gari likachemsha tulipofika eneo la Kasikeu, hapo karibu na Sultan Hamud. Dereva akafungua boneti, mvuke ukatoka, tukajua safari imesimama. Fundi alipatikana, lakini rejeta ilikuwa imetoboka na ikabidi apande boda kwenda kutafuta nyingine. Sisi tukakaa kwenye kibanda cha chai. Watu wa Mombasa wakikaa bila kazi na simu ziko mkononi, mazungumzo siku hizi huishia Gaza.

Mpwa wangu, kijana wa miaka kumi na tisa, akasema kwa uhakika mkubwa kwamba vita vile ni vya tangu enzi za Nabii Is-haq na Nabii Ismail, ugomvi wa ndugu wa baba mmoja, na kwamba havitakwisha mpaka Kiyama. Wenzake wakaitikia. Mwenye kibanda, mzee wa Kikamba, alikuwa akisikiliza huku akipangusa vikombe. Akatuuliza kama tunajua kwamba Wayahudi walikaribia kupewa nchi yetu hii, na kwamba wazungu waliokuja kuikagua walipita pale pale kwa treni. Vijana wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilijua mzee yuko sawa, ila sikuwa na maelezo ya kumtetea. Nikamwahidi mpwa wangu kwamba nitaandika. Nimeona njia nyepesi ni kumsimulia mtu mmoja, Theodor Herzl. Kuna wanaomtukuza na kuna wanaomlaani, na wengi wetu hatumjui hata kwa jina.

Herzl alizaliwa tarehe 2 Mei 1860 katika mji wa Pest, kando ya mto Danube, ambao baadaye uliunganishwa na Buda ukawa Budapest. Nchi ilikuwa chini ya dola ya Austria. Baba yake, Jakob, alikuwa mfanyabiashara, na mama yake, Jeanette, alimlea kwa Kijerumani na kwa mapenzi ya vitabu vya Kijerumani. Nyumba yao ilikuwa jirani na sinagogi kubwa la mji, lakini dini haikuwa na nafasi kubwa ndani. Ilikuwa familia ya Wayahudi wa mjini waliotaka kuwa kama majirani zao, wavae kama wao, wasome shule zao, na wahesabiwe kuwa wenyeji. Mwaka 1878 dada yake wa pekee, Pauline, alifariki akiwa bado msichana, na wazazi kwa uchungu wakahamia Vienna. Huko Theodor akasomea sheria, akapata udaktari wa sheria mwaka 1884, akafanya kazi mahakamani kwa muda mfupi, kisha akaacha. Alichotaka ni kuandika. Aliandika tamthilia, nyingine zikachezwa katika kumbi kubwa, ingawa hakuna anayezikumbuka leo. Mwaka 1889 akamuoa Julie Naschauer, binti wa tajiri. Ndoa haikuwa na raha, lakini walipata watoto watatu: Pauline, aliyepewa jina la shangazi yake marehemu, Hans na Trude.

Alipokuwa chuo kikuu alijiunga na chama cha wanafunzi wa Kijerumani, wale wa kuvaa kofia za rangi na kupigana kwa panga kwa ajili ya heshima. Mwaka 1883 chama hicho kikashiriki katika mambo ya kuwatukana Wayahudi, naye akajiuzulu. Hapo ndipo alipoanza kuonja. Ulaya ya wakati huo ilikuwa imeanza kusema kwamba Myahudi hata akibadili mavazi, lugha, na hata dini, damu yake haibadiliki. Kule Urusi, baada ya mfalme wao Alexander wa Pili kuuawa mwaka 1881, makundi ya watu yalivamia mitaa ya Wayahudi, yakachoma, yakaiba, yakaua. Maelfu kwa maelfu wakakimbia. Wengi walikwenda Marekani, wachache wakaelekea Palestina.

Hapa nataka mpwa wangu anisikilize vizuri. Chuki hiyo ilizaliwa na kulelewa Ulaya. Sisemi kwamba chini ya dola za Kiislamu Wayahudi waliishi peponi. Walilipa jizya, walikuwa na mipaka yao, na dhuluma zilitokea. Lakini Hispania ilipowafukuza mwaka 1492, waliopokelewa kwa wingi walipokelewa na Sultani Bayezid wa Pili wa Uthmaniya, na wajukuu wao wakaishi Salonika, Istanbul na Baitul Maqdis kwa miaka mia nne. Kama damu ya Is-haq na Ismail ingekuwa inachemka vile tunavyoambiwa, historia hiyo isingewezekana.

Herzl aliajiriwa na gazeti kubwa la Vienna, Neue Freie Presse, na mwaka 1891 likampeleka Paris kuwa mwandishi wake. Alikuwa huko alipokamatwa Alfred Dreyfus, kapteni Myahudi katika jeshi la Ufaransa, akisingiziwa kuwauzia Wajerumani siri za jeshi. Tarehe 5 Januari 1895 Dreyfus alisimamishwa uwanjani mbele ya askari, akavuliwa vyeo vyake na upanga wake ukavunjwa, huku nje ya uzio watu wakipiga kelele za kumlaani. Herzl alikuwapo kama mwandishi wa habari. Miaka mingi baadaye ilithibitika kwamba Dreyfus hakuwa na kosa. Kisa hiki husimuliwa kana kwamba Herzl aliondoka pale uwanjani amekwisha kuwa Mzayuni. Wanahistoria wanabisha, na nadhani wana haki. Kilichomtisha zaidi huenda ni nyumbani kwake Vienna, ambako mwaka huo huo Karl Lueger, mwanasiasa aliyejijenga kwa kuwachukia Wayahudi, alikuwa akishinda uchaguzi wa jiji. Ufaransa ilikuwa ndiyo nchi ya usawa na Vienna ndiyo nchi ya ustaarabu. Kama huko kote hamna usalama, Myahudi aende wapi?

Jibu lake alilitoa Februari 1896 katika kijitabu kilichoitwa Der Judenstaat. Hoja yake ilikuwa fupi: Wayahudi ni taifa, tatizo lao ni la kisiasa, na dawa ni wapate nchi yao kwa hati inayotambuliwa na mataifa makubwa. Wapi? Alitaja mahali pawili, Argentina au Palestina. Hakuwa mtu wa dini aliyekuwa akifuata ndoto ya manabii. Alikuwa mwanasheria akitafuta kiwanja.

Kwa nini hati? Kwa sababu ndivyo wazungu walivyokuwa wakifanya kila mahali. Sisi wa Mombasa hatuhitaji kufundishwa hilo. Mwaka 1888 tulitawaliwa na kampuni yenye hati ya malkia wa Uingereza, na mwaka 1895 Waingereza wakauchukua utawala wa mwambao wetu, ule ukanda wa maili kumi, kwa makubaliano na Sultani wa Zanzibar. Waliotia saini walikuwa wengine, waliokaa kwenye ardhi walikuwa wengine, na kesi za viwanja tunazipigania mpaka leo.

Na kabla sijaendelea, kuna jambo ambalo watu wa Lamu watalifurahia. Huko Vienna kulikuwa na mwandishi mwingine, naye Myahudi mzaliwa wa mji ule ule wa Herzl, naye aliwahi kufanya kazi katika gazeti lile lile, jina lake Theodor Hertzka. Yeye aliandika kitabu kuhusu nchi huru ya watu sawa ambayo ingejengwa karibu na Mlima Kenya. Watu walimwamini, wakachanga pesa, na mwaka 1894 msafara wao ukateremka Lamu ukiwa na nia ya kupanda mto Tana. Haukufika popote. Waligombana, wakatawanyika, mradi ukafa hapo hapo pwani. Herzl alikijua kitabu hicho, na katika kijitabu chake alijitenga nacho, akidai kwamba mpango wa Hertzka ni njozi na wake unaweza kutekelezwa. Kwa hiyo ukisikia kwamba Afrika Mashariki iliingia katika habari hizi kwa bahati mbaya, si kweli. Walikuwa na ramani yetu mezani siku nyingi.

Agosti 1897 Herzl aliitisha mkutano mkuu wa kwanza wa Wazayuni mjini Basel, Uswisi. Alitaka uwe Munich lakini viongozi wa Kiyahudi wa Munich walikataa, kwa sababu Wayahudi wengi walimpinga. Marabi wengine waliona ni kufuru kumtangulia Mungu, matajiri waliogopa kuambiwa si wazalendo, na wafanyakazi wengi waliona ni bora kupigania haki huko huko walipo. Hili nalo vijana wetu hawalijui: Uzayuni ulianza kama kundi dogo ndani ya Wayahudi wenyewe. Lakini Herzl alikuwa na kipaji cha maonyesho, mambo ya ukumbi wa tamthilia. Aliwataka wajumbe wapatao mia mbili waje na makoti rasmi meusi na tai nyeupe, ili ulimwengu uone bunge na si kikao cha maskini. Yeye mwenyewe, mrefu, ndevu nyeusi ndefu, alipopanda jukwaani watu walishangilia kwa dakika nyingi.

Sasa, Palestina yenyewe ilikuwa na watu. Wengi wao walikuwa Waarabu, Waislamu kwa Wakristo, wakulima, wavuvi, wafanyabiashara na wanazuoni, pamoja na Wayahudi wachache walioishi humo miaka mingi wakisoma na kusali. Walowezi wapya walianza kuingia mwaka 1882, wakinunua ardhi mara nyingi kutoka kwa matajiri walioishi mbali, na wakulima waliokuwa wakiilima wakajikuta nje. Mwaka 1891 wakubwa wa Jerusalem walikwisha kupeleka malalamiko Istanbul kuomba uhamiaji na uuzaji wa ardhi usimamishwe. Mwanzo wa ugomvi ninaouona mimi ni huo: mkulima, shamba, na hati iliyosainiwa na mtu asiyekanyaga shamba hilo.

Kulikuwa na mzee mmoja wa Jerusalem, Yusuf Dhiya al-Khalidi. Alikuwa amewahi kuwa meya wa mji, mbunge katika bunge la kwanza la Uthmaniya, msomi wa lugha aliyetunga hata kamusi ya Kikurdi na Kiarabu. Machi 1899 aliandika barua ya adabu kwa rabi mkuu wa Ufaransa, akijua itamfikia Herzl. Hakutukana. Alikiri kwamba Wayahudi wana historia na nchi ile, akakiri mateso yao Ulaya, lakini akaeleza kwamba nchi hiyo ina wenyewe, kwamba haiwezi kuchukuliwa ila kwa nguvu na damu, na akasihi Palestina iachwe kwa amani. Herzl alimjibu mwezi huo huo. Akamhakikishia kwamba hakuna atakayewafukuza, kwamba Wayahudi wataleta mali na elimu na kila mtu atafaidika, na kwamba Sultani akikataa watatafuta mahali pengine.

Je, alikuwa mkweli? Miaka minne nyuma, katika shajara yake ya Juni 1895, alikuwa ameandika juu ya kuwavusha mpaka maskini wa nchi itakayopatikana, kimya kimya, kwa kuwapa kazi nje na kuwanyima kazi ndani. Wanaomtetea husema wakati huo hakuwa hata ameamua kama nchi ni Argentina au Palestina, na hilo ni kweli. Kwangu mimi halimsafishi. Maskini wa Argentina nao ni watu. Na katika riwaya yake ya mwaka 1902, Altneuland, alimweka Mwarabu mmoja, Rashid Bey, anayewashukuru Wayahudi kwa maendeleo waliyoleta. Nadhani aliamini alichokiandika. Aliamini kwamba mtu akiletewa taa za umeme na mifereji atasahau kuuliza nani mwenye nchi, kama walivyoamini wazungu wote wa siku zake waliokuja kwetu.

Palestina aliiona kwa macho yake mara moja tu, mwishoni mwa Oktoba na mwanzoni mwa Novemba 1898, siku chache. Alikwenda kumfuata Mfalme wa Ujerumani, Wilhelm wa Pili, aliyekuwa ziarani, akitumaini angemwombea kwa Sultani. Walikutana barabarani karibu na Jaffa, mfalme juu ya farasi, Herzl chini ameshika kofia. Rafiki yake alijaribu kupiga picha lakini ikatoka vibaya, ikabidi picha mbili ziunganishwe ili wakutanishwe. Msiseme picha za kutengeneza zimeanza na simu za leo. Mfalme hakumsaidia. Mei 1901 Herzl alipata kuonana na Sultani Abdul Hamid wa Pili mwenyewe, Istanbul. Dola ilikuwa imezama katika madeni ya mabenki ya Ulaya, na Herzl alijitolea kutafuta matajiri wa Kiyahudi wa kuyapunguza, kwa kubadilishana na hati ya Palestina. Sultani hakutoa hati. Kwa hilo Waislamu wengi humkumbuka Abdul Hamid kwa wema, hata wasiopenda mengine aliyoyafanya.

Ndipo akageukia Uingereza, na ndipo tunapoingia sisi. Oktoba 1902 alionana na Waziri wa Makoloni, Joseph Chamberlain. Kwanza walizungumza juu ya El Arish, Sinai, jirani kabisa na Palestina. Wataalamu wakapelekwa, Herzl mwenyewe akaenda Cairo Machi 1903, lakini serikali ya Misri na Lord Cromer wakakataa kwa sababu ya maji ya Nile. Akiwa Cairo alihudhuria mhadhara wa mambo ya umwagiliaji na akawatazama vijana wa Kimisri waliojaa ukumbini. Aliandika kwamba hao ndio watakaokuwa wakubwa kesho, akashangaa Waingereza hawalioni hilo. Nimeifikiria sana habari hiyo. Jicho alikuwa nalo, ila kwa vijana wa Nablus na Jaffa halikufunguka.

Katikati ya mazungumzo hayo, Desemba 1902, Chamberlain alisafiri hadi Afrika. Alishuka Mombasa, akapanda reli iliyokuwa imefika Kisumu mwaka mmoja tu nyuma. Treni hiyo ilipita Voi, Mtito Andei, Makindu, ikapita hapo Kasikeu ambapo sisi tulikuwa tukingoja rejeta. Kituo cha Sultan Hamud, kama mnavyojua, kilipewa jina la Sultani Hamud bin Muhammad wa Zanzibar, aliyekalishwa kwenye kiti mwaka 1896 baada ya mizinga ya Waingereza kuipiga kasri. Kwa hiyo Waziri wa Makoloni alipita mbele ya kibao chenye jina la Sultani wetu, akazidi kupanda nyanda za juu, akaona baridi nzuri na majani, na akilini mwake akamkumbuka Herzl. Aliporudi London, Aprili 1903, alimwambia kwamba ameona nchi inayomfaa: pwani ni joto, lakini bara ni kama Ulaya.

Mwanzoni Herzl hakuvutiwa. Lakini mwezi huo huo wa Aprili, wakati wa Pasaka, yakatokea mauaji ya Kishinev, katika dola ya Urusi. Wayahudi wapatao 49 waliuawa, mamia wakajeruhiwa, nyumba na maduka yakavunjwa. Akaona hawezi kukataa mahali popote pa kukimbilia. Tarehe 14 Agosti 1903 serikali ya Uingereza ilitoa barua rasmi kwamba iko tayari kufikiria makazi ya Kiyahudi yenye utawala wake wa ndani katika himaya ya Afrika Mashariki. Waziri Mkuu aliyekuwa madarakani ni Arthur Balfour. Likumbukeni jina hilo. Eneo lililokuja kutengwa lilikuwa la maili za mraba 5,000 katika nyanda za Uasin Gishu. Watu huuita mpango wa Uganda, lakini sehemu hizo zilikwisha kutolewa Uganda na kuingizwa katika himaya yetu mwaka 1902. Ni Kenya.

Nairobi walowezi wachache wa Kizungu walipandwa na hasira. Lord Delamere alituma simu ya malalamiko kwenye gazeti la The Times, London. Hawakuwa wakiwatetea wenyeji, walitaka ardhi hiyo iende kwa wazungu wanaowataka wao. Wanandi na Wamasai, ambao ng'ombe wao walikuwa wakila majani hayo, hawakuulizwa na upande wowote, si Chamberlain, si Herzl, si Delamere.

Mkutano wa Basel wa Agosti 1903 ulikuwa kama matanga. Herzl alieleza kwamba Afrika si badala ya Palestina, ni hifadhi ya dharura tu. Kura zilipopigwa kuhusu kupeleka watu wa kukagua, 295 walikubali na 178 wakakataa. Lakini waliokataa walikuwa hasa Wayahudi wa Urusi, wakiwamo wajumbe wa Kishinev kwenyewe, ndio waliochinjiwa ndugu. Walitoka ukumbini, wengine wakakaa chini wakilia kama waliofiwa, na Herzl ilibidi awafuate kuwabembeleza. Desemba mwaka huo kijana mmoja alimpiga risasi Max Nordau, msaidizi wa Herzl, mjini Paris kwa sababu ya mpango huu. Risasi ilimkosa.

Moyo wa Herzl ulikuwa mgonjwa kwa miaka, na sasa ukachoka kabisa. Januari 1904 bado alikwenda Roma kumwomba Papa Pius wa Kumi, naye akakataa. Tarehe 3 Julai 1904 alifariki katika kijiji cha Edlach, Austria, akiwa na miaka 44. Mazishi yake Vienna yalijaza barabara.

Wakaguzi walikuja akiwa amekwisha kuzikwa. Walikuwa watatu: Meja Gibbons, Mwingereza, Alfred Kaiser, Mswisi, na Nahum Wilbusch, mhandisi Myahudi wa kutoka Urusi. Mwanzoni mwa 1905 walifika Mombasa, wakapanda treni, wakapita Kasikeu. Hao ndio wazungu wa mzee wetu wa kibandani. Huko Uasin Gishu walizunguka kwa wiki kadhaa. Wilbusch alirudi na ripoti mbaya kabisa, Gibbons aliona panafaa kwa watu wachache, na mkutano wa 1905 ukaikataa ofa. Oktoba mwaka huo huo, katika milima ya jirani, afisa wa Kiingereza Richard Meinertzhagen alimuua Koitalel arap Samoei, orkoiyot wa Wanandi, katika mkutano ulioitwa wa amani. Baada ya vita vya kwanza vya dunia Meinertzhagen huyo huyo alipelekwa Palestina kuwa ofisa wa siasa wa Uingereza, akawa mtetezi mkubwa wa Uzayuni. Na mwaka 1908 nyanda za Uasin Gishu wakapewa Makaburu kutoka Afrika Kusini.

Tarehe 2 Novemba 1917, Balfour yule yule, sasa Waziri wa Mambo ya Nje, alitoa ahadi ya makazi ya kitaifa ya Kiyahudi Palestina. Waarabu, waliokuwa sehemu kubwa kabisa ya wakazi, hawakutajwa hata kwa jina lao. Walitajwa tu kama jamii zisizo za Kiyahudi, ambazo haki zao za kiraia na za dini zisidhuriwe. Haki ya kujitawala haikutajwa. Yaliyofuata mnayajua: uasi wa 1936, mauaji ya Wayahudi milioni sita Ulaya mikononi mwa Hitler, kisha 1948, Wapalestina wapatao laki saba wakawa wakimbizi, na Wayahudi wa Baghdad, Sanaa na Cairo nao wakaanza kuhama miji walimoishi babu zao.

Ndiyo maana nikamuuliza mpwa wangu, tulipokuwa barabarani tena, kwamba kama wajumbe wa Basel wangesema ndiyo, leo wakimbizi wangekuwa nani? Wangekuwa Wanandi. Na wewe ungesema ni vita vya tangu Nabii yupi? Alinyamaza, akatazama nje. Baadaye, tukipita Makindu, akaniuliza kama ina maana tusiwaombee watu wa Gaza. Nikamwambia mimi nawaombea kila sala, na sikumfundisha aache. Ninachokataa ni mtoto wetu kufundishwa kwamba kila Myahudi ni adui yake kwa kuzaliwa.

Nina sababu. Novemba 2002 nilikuwa kijana nimemaliza diploma ya hoteli, niko kazini katika hoteli moja ya pwani ya kaskazini. Tarehe 28 mwezi huo bomu lililipuliwa Kikambala, hoteli ya Waisraeli, na makombora yakafyatuliwa kwa ndege yao ikipaa kutoka Mombasa, yakaikosa. Walikufa Waisraeli watatu, wawili kati yao watoto. Wakenya walikufa kumi, na miongoni mwao walikuwa wachezaji ngoma waliosimama mlangoni kuwapokea wageni. Wageni wakakatika pwani nzima. Mimi na wenzangu tukarudishwa nyumbani kabla ya Krismasi. Watu wa Gaza hawakupata hata gunia la unga kutokana na siku ile.

Mifupa ya Herzl ilichukuliwa Vienna mwaka 1949 ikazikwa Jerusalem, juu ya kilima kinachoitwa kwa jina lake. Watoto wake hawakuwa na bahati. Pauline alikufa mwaka 1930 kwa dawa za kulevya, na Hans akajipiga risasi kwa uchungu wa dada yake. Trude, yule mdogo, alikufa mwaka 1943 katika kambi ya Manazi ya Theresienstadt. Mjukuu wa pekee alijiua mwaka 1946.

Mzee wa Kasikeu nilichukua namba yake, nimemtumia makala haya kwa simu ya mjukuu wake. Amejibu kwamba ameyasoma mara mbili, na kwamba nimesahau kuandika kuwa chai yake ilikuwa nzuri. Ilikuwa nzuri. Nikipita tena nimemwahidi halua.